Gauni la Uzi wa Buluu

Dobi alikuwa na mwiko mmoja tu katika kazi yake: kutovaa nguo za mama yake Kidoti. Za wateja wengine, ah, hizo alishazivaa karibu zote.

Hakuanza kwa ubaya. Kidoti na Twiga, rafiki zake wa tangu darasa la kwanza, walikuwa wanaishi ng'ambo, na kila Ijumaa watatu hao walitumiana picha za siku zao za kawaida. Twiga alituma meza yake ya ofisini. Kidoti alituma dirisha la jikoni na kikombe cha chai. Dobi, Ijumaa ya kwanza, alituma mikono yake ndani ya beseni la povu. Twiga akajibu, "Pole, jamani." Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani kaomba pole? Ijumaa iliyofuata alivaa blauzi ya mwalimu mkuu, bado ina joto la pasi, akaketi mlangoni na gazeti la juzi, akajipiga picha. Sifa zikamiminika. Mwonja asali haonji mara moja, na huyu alionja miezi minane.

Kila mteja alikuwa na uzi wake, mshono mdogo ndani ya ukosi ili nguo zisichanganyike. Mwekundu wa mwalimu mkuu, mweusi wa mke wa fundi saa, wa buluu wa mama yake Kidoti. Nguo za uzi wa buluu hakuzigusa kwa picha, maana mtoto hasahau nguo za mama yake hata akae mbali vipi.

Alhamisi moja yule mama alileta gauni la kijani lenye vifungo vyeupe vikubwa.

"Hili pasi tu, mwanangu. Limejikunja mfukoni."

Mlangoni walikuwa wamesimama wateja wanne, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuulizana habari za gauni. Dobi alishona uzi wa buluu, akalinyoosha, na kesho yake akalitazama tena. Lilikuwa bado lina harufu ya dukani. Akajipigia hesabu: Kidoti hajatia mguu nyumbani miaka minane, gauni jipya hivi atalijulia wapi? Hesabu tamu kweli. Akalivaa, akashika kopo akajifanya anamwagilia maua, akatuma picha na maneno matatu: "Siku ya kawaida."

Twiga alipiga makofi kwa maandishi. Kidoti aliandika alasiri.

"Hilo gauni umelipata wapi?"

Dobi aliandika "Nilinunua," akafuta. Akaandika "Kuna mtu," akafuta. Ujumbe wa pili ukaingia kabla hajapata uongo wa maana. "Nilimtumia mama mwezi uliopita. Hivyo vifungo nilivishona mwenyewe. Ngoja nimuulize."

Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii hata haikuazimwa. Dobi alilivua gauni. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka, akatamani beseni limmeze.

Asubuhi yule mama alikuja mapema, amevaa gauni lake la kahawia ambalo Dobi alikuwa amelipiga pasi mara mia, mpaka viwiko vimekuwa vyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti yangu alinipigia jana."

"Mama, mimi..."

"Nimemwambia nilikupa."

Dobi alikosa pa kuweka macho. "Kwa nini, mama?"

"Ulitaka nimwambie nini? Ana rafiki wangapi huko aliko? Ananiambia anaisubiri Ijumaa kama mtoto." Mama alilichukua gauni mezani, akapitisha kidole juu ya kifungo kimoja. "Kashona vizuri, eti? Shuleni sindano ilikuwa inampiga chenga."

"Ulishalivaa, mama?"

"Nilikuwa nasubiri lipigwe pasi."

Hapo Dobi alilia, tena kwa sauti. "Nitamwambia ukweli. Leo hii hii."

"Ukimwambia, mimi ndiye nitakayekuwa mwongo kwa mwanangu. Sijawahi kumdanganya ila jana." Akalisukuma gauni upande wa Dobi. "Ung'oe uzi wangu."

"Mama, siwezi."

"Ung'oe. La kwako hili."

Mkono uliokuwa umekata nyuzi maelfu ulikosa mara mbili. Wakati anakata, simu ilitetemeka mezani. Kidoti alikuwa ameandika: "Mama kaniambia. Niliumia kidogo, nisikufiche. Lakini kasema wewe ndiye unayemwangalia kama mwanawe, kwa hiyo nimefurahi. Ijumaa ijayo vaa tena, ukae naye."

Mama aliomba asomewe. Dobi akasoma yote, neno kwa neno, maana hakuwa na haki ya kuruka hata moja.

Ijumaa ilipofika wakaketi wawili mlangoni, Dobi na kijani lake jipya, mama na kahawia lake lililopauka. Dobi aliinua simu. Kwenye kioo aliuona uso wake, akashindwa kuutazama.

"Cheka, mwanangu," mama akamwambia, akijisogeza karibu. "Anatuona."