Kilima cha Mafuta

Mashine yangu hailaghaiki kirahisi. Unaipa mnyoo aliyekaushwa na kusagwa, inampiga mwanga usioonekana kwa macho, kisha inachora mstari wenye vilima: hiki protini, hiki mafuta. Minyoo wekundu wa tope hushamiri pale wadudu wengine wanapokufa, na uchafu wanaokula huonekana kwenye vilima hivyo. Miezi minne mfululizo, minyoo wa mtoni, chini ya kiwanda cha rangi, walikuwa na kilima cha mafuta kilichovimba. Jumatatu hii kilikuwa kimelala bapa.

Mkuu wa maabara alifurahi. "Mto umepona. Andika ripoti, kesho tufunge faili."

Mimi roho haikutulia. Chini ya kiwanda kile ndiko mama yangu anakochota maji ya kunywa. Na kilima cha protini hakikutikisika hata kidogo. Mto gani huo unaoondoa mafuta peke yake kwa wiki moja? Spiriti ndiyo hufanya hivyo, ndiyo maana hatuwahifadhi minyoo ndani yake.

Nikamvaa Kijiko, mchota tope wetu, tunayemwita hivyo kwa sababu kijiko hakimtoki mfukoni.

"Nani kakutuma uwatie spiriti?"

"Dada, acha hizo! Nimekuletea wazima, wanajinyonganyonga, ukasaini mwenyewe. Mimi na spiriti wapi na wapi?"

Kweli. Niliwapokea Ijumaa, nikawaacha kwenye maji safi watoe tope tumboni, Jumamosi nikawagandisha. Jumapili nilishinda kwa mama. Funguo zangu za maabara zilibaki nyumbani kwangu, kwenye msumari wa jikoni.

Na habari ya spiriti nilimweleza mtu mmoja tu nje ya maabara, mezani, mwezi uliopita. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kuniuliza lolote kuhusu minyoo, na siku ile aliuliza mpaka nikajisikia bibi harusi. Mjinga mimi! Yeye huchanganya rangi pale kiwandani.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Mke wangu, majibu yametoka?"

"Yametoka."

"Mto umepona, siyo?"

Nilitaka kulia na kumtukana kwa pamoja.

"Mama anauliza kama aendelee kunywa maji yale," nikasema. "Mjibu wewe."

Nilikata simu, nikamwomba Kijiko radhi, tukarudi mtoni kuchota minyoo wengine.