Maharage ya Ukurasa wa Kwanza

Waandishi wake walimpachika jina la Wembe, naye alilijua. Miaka yote aliyokalia kiti cha mhariri, hakuna habari iliyopita mbele yake ikatoka nzima. Alipostaafu walimfanyia sherehe, wakacheka na kupiga makofi kuliko inavyostahili mtu anapoagwa. Wembe akahamia kwa bintiye, akaambiwa apumzike. Kupumzika kukamshinda. Alisahihisha vibao vya maduka. Alisahihisha tangazo la msiba lililobandikwa kwenye nguzo, waliofiwa wakimtazama. Mezani alimsahihisha mkwewe, mpaka yule bwana akawa anakula kimya kama aliyekatwa ulimi.

Kwa hiyo aliposikia redioni kwamba gereza la pembezoni mwa mji linatafuta mtu wa kujitolea, awasaidie wafungwa kutoa gazeti lao, alikwenda kujiandikisha siku hiyo hiyo. Huruma haikuwamo. Alitaka kazi tu.

"Mama, umekosa watu wa kuwagombeza?" binti yake alimuuliza. Akakunja mkono wa blauzi. Kovu lilitoka kwenye kiwiko likashuka karibu na kiganja, la siku wezi walipowavunjia mlango. "Walionifanyia hivi wako mle ndani. Ndio unakwenda kuwashikisha kalamu?"

"Mwanangu, hujui kama ni wao."

"Na wewe hujui kama si wao. Haya, nenda. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Tangu hapo neno gereza likitajwa mezani, binti alibeba sahani yake akaenda kula jikoni. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kule gerezani alipokelewa na afisa wa elimu, mtu mwenye sauti laini na shati lililonyooshwa mpaka mistari yake ikasimama. "Mama, gazeti letu ni la kujenga," alisema. "Mambo ya kubomoa hatuyataki."

"Gazeti si fundi mwashi, afande," Wembe akamjibu. Uhasama wao ulianzia hapo, kabla hata hajaonyeshwa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa karakana ya zamani ya kushonea magodoro. Nyuzi za pamba bado ziling'ang'ania kwenye nondo za dirisha. Palikuwa na kompyuta moja na mashine ya kuchapia iliyokuwa ikitafuna karatasi kama mbuzi. Wafungwa wa gazeti walikuwa wameketi juu ya marobota, na hakuna aliyesimama kumwamkia. Kiongozi wao aliitwa Spika, pande la mtu mwenye sauti ya kifuani, kwa kuwa ugomvi wowote wa selini haukwisha mpaka yeye atoe uamuzi.

"Bibi," Spika alisema, "umekuja kutuombea dua au kutuhesabu?"

"Nimekuja kazini. Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Mbovu." Akachomoa kalamu nyekundu, akaipiga ile karatasi mistari mbele yake mpaka ikabaki aya moja. "Hapa ndipo ulipoanza kusema kitu. Huko juu kote ulikuwa unakohoa."

Wenzake wakaangua kicheko, na Spika hakuwasamehe kicheko kile, wala hakumsamehe aliyekisababisha. Juma lililofuata Wembe alikuta kiti chake kimemwagiwa maji. Alikigeuza, akakifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaketi, akaomba habari za michezo. Siku nyingine kalamu zote zilipotea. Akawaambia wamsomee kwa sauti, naye akawakatiza kila sentensi kwa mdomo, jambo lililowauma zaidi. Hakuna aliyempenda, na yeye hakujipendekeza kwa mtu. Lakini habari zao zilianza kuwa fupi, na zikaanza kusomeka.

Ndipo Spika alipoleta habari ya maharage.

Alikuwa ameiandika vizuri, hilo Wembe alilikiri kimoyomoyo. Ilisema sahani za wafungwa zimegeuka supu ya maji, punje za maharage unazitafuta kwa kijiko, na kwamba mwizi ni Mpishi, mfungwa mzee aliyesimamia masufuria ya jikoni. Spika alitaka iwekwe ukurasa wa kwanza, jina la Mpishi kwenye kichwa cha habari.

"Umemuuliza mwenyewe?" Wembe akauliza.

"Nimuulize nini? Tumbo langu linajua."

"Tumbo lako halijaona kitu. Kamwite."

Spika akasimama, kivuli chake kikamfunika yule mama mzima. "Sikiliza, Bibi. Wewe jioni unakwenda kwako, unafungua sufuria yako. Sisi tunalala na njaa. Usitufundishe heshima za huko nje."

"Ukichapa hii, kesho watamchoma maji ya moto humo humo jikoni mwake. Sichapi mauaji. Kamwite, au nenda kakae seli na tumbo lako."

Mfungwa mmoja akatema mate karibu na kiatu cha Wembe. Wembe aliyatazama mate, akamtazama mwenye nayo, hakusogeza mguu. Mwishowe Spika akatoka akipiga mlango kwa bega.

Mpishi alikuja na aproni yake, macho mekundu kwa moshi. Aliposomewa habari ile aliketi sakafuni. "Wanangu," alisema, "mimi napika ninacholetewa. Gunia linatoka stoo limefunguliwa, limepungua karibu nusu. Nikiuliza, askari wa stoo ananiambia nipike na ulimi wangu. Mkitaka kujua, amkeni mapema mtazame pikipiki yake inapotoka getini imebeba nini."

"Kwa nini hukusema?" Spika akanguruma.

"Kwa nani? Kwako wewe, uliyekwisha kunihukumu?"

Spika alichukua karatasi yake, akaikunja, asimtazame mzee wala mhariri. Siku iliyofuata aliwatuma wenzake wakatazame geti kupitia dirishani, nao wakaiona pikipiki ikitoka na mzigo wa maharage, kama Mpishi alivyosema. Akaiandika upya. Safari hii Wembe hakukata kitu.

Afisa wa elimu aliisoma amesimama. "Hii haitoki."

"Ni ya kweli."

"Mama, ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani? Inaonya wizi, inajenga nidhamu. Chapeni ile."

"Ile ni uongo, na wewe sasa unajua ni uongo."

"Wewe ni mgeni humu!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Kibali chako nimekitia sahihi mimi. Askari! Mtoe huyu mama."

Walimtoa wakiwa wamemshika viwiko, mtandio umemwanguka begani. Habari ya mle ndani aliipata baadaye. Afisa aliifungua kompyuta mwenyewe, akaitafuta ile habari ya kwanza, akaichapa, jina la Spika likiwa chini yake. Siku hiyo mashine haikutafuna hata karatasi moja. Rundo lilipokuwa tayari, Spika alilikumbatia kama anayekwenda kuligawa, akalitumbukiza lote kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki, akalikanyaga kwa mguu.

"Jina langu haliwekwi juu ya uongo wa mtu mwingine," alimwambia afisa. "Nilipoiandika nilidhani ni kweli; wewe unaichapa ukijua si kweli."

Wakamtupa seli ya adhabu.

Wembe alipopata habari hizo kutoka kwa askari mmoja aliyechoshwa na mambo ya stoo, alikwenda makao makuu ya magereza, akaketi kwenye benchi la mapokezi. Karani alimwambia mkubwa ana kikao. Akakaa. Siku ya pili mkubwa alikuwa safarini. Akakaa. Karani alipochoka kumtungia safari bosi wake, Wembe alimwambia, "Mwanangu, mimi ni mstaafu. Wakati ndio mali niliyobaki nayo. Mwambie bwana mkubwa kwamba kila gazeti la mji huu lina mtu niliyemfundisha kazi. Hawanipendi, lakini nikipiga simu wanapokea."

Mlango ulifunguliwa alasiri ile ile. Bwana mkubwa hakumkaribisha kiti. Walisemezana maneno mazito, mpaka watu wa ofisi ya jirani wakasimama koridoni. Wembe alitoka akijifunga mtandio upya.

Hata hivyo wakaguzi walitumwa. Walipima magunia. Askari wa stoo akahamishwa, hakushtakiwa, akaenda labda kula stoo nyingine. Afisa wa elimu alibaki palepale, ila kibali cha Wembe kilirudishwa kwa amri ya juu, na kila alipopita mlangoni pake afisa yule aligeukia ukuta.

Spika alitolewa seli ya adhabu amekonda, kikohozi kinamkata maneno. Alimkuta Wembe karakanani.

"Nimesikia ulikalia benchi," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nimelalia saruji. Benchi lako lilikuwa na mto?"

"Halikuwa."

"Usidhani nitakushukuru."

"Sijakuja kushukuriwa. Habari yako imechelewa. Irekebishe, sasa kuna wakaguzi."

Spika alimtazama kwa chuki isiyojificha, chuki ya mtu aliyefungiwa kumtazama atakayeondoka jioni. Kisha akamfukuza aliyekuwa kwenye kiti cha kompyuta, akakaa yeye. Mpishi aliletewa habari aisome kabla haijachapwa. Kwa kuwa hakujua kusoma, Spika alimsomea mwenyewe, kwa sauti kavu, neno kwa neno, na mzee akaomba paondolewe pahala palipomwita mnyonge. Pakaondolewa.

Gazeti likatoka. Lilipita kutoka seli hadi seli mpaka likachakaa kwa mikono, na jioni ile sahani zilikuja na maharage yanayoonekana bila kutafutwa. Haikudumu; baada ya muda yalianza tena kupungua, kidogo kidogo, na Spika akaanza kuamka mapema mwenyewe kulitazama geti.

Nyumbani Wembe aliweka nakala moja mezani. Binti yake alipita, akapita tena. Akaichukua, akaisoma akiwa amesimama, mkono wenye kovu umebana karatasi kifuani, akaisoma mpaka chini.

"Huyu anajua kuandika," alisema.

"Anajua."

"Abaki huko huko," akasema binti, akaiweka chini, akaenda jikoni.

Wembe alivuta karatasi za toleo linalofuata, akavaa miwani.