Upande wa Léonce, Upande wa Alain

Haya nilielezwa na Estella, mke wa Léonce, yule anayesuka nywele mjini. Ilikuwa mwaka 2012, Jumapili moja baada ya Pasaka, tunachambua maharage kwangu hapa Cato Manor, Durban. Alichambua kwa hasira, mpaka mazuri akayatupa pamoja na mawe.

Léonce na Alain wanafanya kazi kiwanda kimoja huko Jacobs. Alain ni mdogo wake Estella, na ndiye peke yake aliyebaki katika watoto wa mama yao; wengine waliishia vitani kule Burundi. Estella alimleta Durban mwenyewe, akamkalisha nyumbani kwake. "Koko," aliniambia, maana ndivyo wanavyoniita mimi bibi yao, "mimi naomba Mungu kitu kimoja tu: huyu asinipotee."

Basi wanaume hao wakachangishana, wakanunua kwa mzee mmoja wa Pinetown, nje ya jiji, gari ya zamani ya mashindano, nyekundu, milango miwili, haina paa. Wakaapa kuitengeneza wenyewe, fundi asiiguse.

Walibadili springi za mbele na vyuma vya usukani, wakaijaribu barabarani. Gari ikavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Alain akasema kosa ni la Léonce, aliyefunga kulia. Léonce akasema ni la Alain, aliyefunga kushoto, tena akalisema nje ya kanisa, watu wote wanasikia: "Huyu shemeji yangu hata baiskeli itamshinda." Kuanzia hapo hawakusemezana. Wakachora mstari wa chaki katikati ya boneti: huku kwako, huku kwangu. Gari moja, mafundi wawili, na hawasalimiani!

Maneno yote yakapitia kwa Estella.

"Dada, mwambie bwana yako usukani bado unacheza."

"Mwambie ndugu yako usukani iko upande wangu, haimuhusu."

"Mwambie basi aende kazini na magurudumu yake mawili."

Jumamosi moja Alain alikuwa amelala chini, kando ya gurudumu la kushoto. Gari yenyewe ilikaa juu ya magogo, lakini mkono wa chuma unaobana springi ulishikwa na jeki tu, maana bolti zake alikwisha kuzitoa. Springi iliyobanwa hivyo ni mtego; ukiiachia inaruka na kuua. Léonce alilijua hilo. Ila hakujua kama bolti zimetoka. Angeuliza, lakini kuuliza ni kusemezana.

Na jeki ilikuwa moja.

"Mwambie ndugu yako nataka jeki," Léonce akasema.

"Mwambie asubiri."

"Nisubiri? Jeki niliinunua mimi!" Akainama, akaifungulia.

Springi ikaruka. Ikapita sikioni kwa Alain, ikapiga karo la kufulia, karo likapasuka. Alain akabaki chini, damu inamtoka.

"Alain!" Léonce akapiga kelele. "Alain, shemeji!"

Alain akajishika sikio, akajibu: "Dada, mwambie bwana yako sijakufa."

Hapo Estella akawaka. "Simwambii! Mdomo wangu si simu yenu! Wewe Léonce, vita vilishindwa kumuua huyu, leo umuue wewe kwa jeki? Neno moja tu, 'umetoa bolti?', lilikuwa zito kiasi hicho? Na wewe Alain, unalala chini ya chuma karibu na mtu usiyemsalimia! Eish! Hakuna kula hapa. Hiyo springi mtairudisha wote wawili, kwa midomo yenu wenyewe."

Akamfunga Alain sikio kwa kitambaa, akakaa mlangoni. Springi hairudishwi na mtu mmoja. Huyu anapandisha jeki, yule anaelekeza.

"Pandisha."

"Hivi?"

"Kidogo. Simama! Simama, nimesema!"

Estella hakucheka.

Jua lilipozama bolti zilikuwa zimekazwa. Léonce akamfuata mkewe. "Estella, nisamehe."

"Sikio lililochanika ni langu?"

Léonce akaenda kusimama mlangoni kwa Alain. "Shemeji, sikuangalia. Nilikosa."

"Nimesikia," Alain akasema. "Lakini mwisho wa mwezi nahamia Pinetown."

Estella alisikia kutoka jikoni. Hakumbembeleza abaki; alijua Alain angemkatalia.

Alain akalala upesi, kama mtu aliyeshusha mzigo. Léonce akalala kwenye benchi, maana kitandani alifukuzwa. Estella akabaki macho, akiwakasirikia wote, huyu kwa jeki yake, yule kwa Pinetown yake, mpaka usingizi ukamchukua kwa nguvu, meno yake bado yamebanana.