Uyoga wa Mama Mkwe

Mtaalamu wa uyoga alikuwa na kanuni moja asiyoivunja kwa mtu yeyote: uyoga wa porini uliokwisha kukatwa na kuoshwa hauhukumiwi kwa macho. Aliisema redioni, akaisema darasani, na mara moja alimrudisha mlangoni mwa maabara mzee wa watu aliyeleta uyoga wake umemenywa vizuri kwenye mfuko. "Sijui ni uyoga gani huu, mzee wangu," alimwambia. "Na nisioujua mimi, usiule wewe." Neno "sijui" halikumpa tabu hata kidogo, lakini yule mzee hakuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe hakuwahi kuielewa kazi hiyo tangu siku ya posa. "Mwanangu kaolewa na mtu wa kuvu," aliwaambia dada zake, nao wakampa pole. Kwa hiyo Jumapili ile, alipomwita mkwewe jikoni mbele ya watu wote na kumsogezea beseni, jamaa alivimba kichwa kabla hata hajatazama ndani.

"Nimeuchuma mwenyewe kule nyuma ya shule," mama alisema. "Nikasema siupiki mpaka bingwa wetu aseme neno."

Bingwa wetu! Miaka yote ya ndoa alikuwa hajalisikia hilo. Akainama juu ya beseni. Vipande vyeupe vilielea majini, vimemenywa, vimekatwa vyembamba, hakuna kofia nzima wala shina lenye tako. Na kwenye tako hilo, chini ya udongo, ndiko uyoga mweupe wa sumu huficha kifuko kinachoutambulisha.

"Mashina yake yako wapi, mama?"

"Si wewe uliyesema redioni tukate kwa kisu, chini pabaki, uote tena? Usidhani huwa sikusikilizi."

Kweli alisema. Aliwaambia wakulima wanaopanda uyoga wao bandani, si mama anayeokota porini. Uyoga wa porini hung'olewa mzima mzima, na udongo wake. Lakini utaanzaje kumsahihisha mama mkwe siku ya kwanza anayokusifu?

"Au bingwa kakwama?" shemeji yake alitania kutoka mlangoni, na jiko zima likacheka.

"Sijui" ilipanda mpaka kooni, ikaona watu walivyojaa, ikarudi ilikotoka.

"Uko sawa, mama," alisema. "Uko sawa kabisa."

Akatoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo akijidharau. Harufu ya vitunguu ikamfuata huko huko. Mficha uchi hazai, alilijua hilo tangu utotoni, lakini mwanamume huyu msomi alikuwa anatafuta namna ya kuzaa na nguo zake mwilini. Akaipata. Chakula kilipokuwa tayari aliingia na tabasamu, akasema, "Lete nikusaidie, mama," akainyanyua sufuria, na katikati ya jiko akaiachia.

Mchuzi ulienda mpaka chini ya friji.

"Yakimwagika hayazoleki!" shemeji akapiga kelele. Mkewe alimtazama tu, maana alimjua mume wake: mtu anayebeba vichupa vya maabara siku nzima haangushi sufuria.

Mtaalamu akachuchumaa kupangusa, aibu imemjaa, lakini moyo umetulia kidogo. Mama mkwe akachuchumaa kando yake na kitambaa kingine. Mkwewe alitarajia kufokewa.

"Usijali, baba," mama alisema kwa upole. "Ajali haina kinga. Na mimi sina hasara, nilishaonja. Nilianza na kijiko, utamu ukanizidi, nikamaliza bakuli."

Kitambaa kikamtoka mkwewe mkononi. Mpishi gani haonji? Hilo hakuliwaza.

"Mama," alisema, macho sakafuni. "Ule uyoga sikuujua."

"Uyoga upi?"

"Huu. Uliponiuliza, sikuujua. Niliona haya kusema mbele ya watu. Na sufuria nimeimwaga makusudi."

Mama mkwe alikunja kitambaa chake taratibu, akakiweka sakafuni.

"Uliona haya," alisema, "ukaniacha nipike."

Hospitalini daktari aliuliza ni uyoga gani. "Sijui," akajibu, na neno likatoka jepesi kabisa. Mama akanyweshwa mkaa wa dawa, akawekewa dripu. Alijisikia mzima, akauliza kwa nini alazwe, ikabidi mkwewe amweleze: ule mbaya hautoi taarifa mapema, unaweza kukuacha ulale salama na kukuamsha umechelewa. Mama alisikiliza huku akiutazama ukuta.

Shemeji alitumwa nyuma ya shule na jembe. "Usikate. Chimba," aliambiwa, na safari hii hakutania. Alirudi na mfuko wa mashina yenye udongo, kila moja na alama ya kisu cha mama, na kofia moja pana aliyoikuta bado imesimama kwenye shina lake katikati yao. Mtaalamu akayapangusa kwenye benchi la korido, moja moja. Hakukuwa na kifuko. Kofia akailaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, akaifunika kwa glasi, akakaa nayo saa nyingi. Jioni alipoiinua, vumbi la mbegu zake lililodondoka lilikuwa la kahawia, rangi ya kakao. La ule wa sumu aliouogopa huwa jeupe.

Aliangalia mara ya pili, na ya tatu. Kisha akaingia wodini, karibu alie kwa furaha, akasimama kando ya kitanda.

"Uko sawa, mama," alisema. "Uyoga wako uko sawa kabisa."

Yalikuwa maneno yale yale. Aliyasikia mwenyewe yakitoka.

Mama mkwe alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha akamgeukia muuguzi aliyekuwa akirekebisha dripu.

"Eti, mwanangu," alisema, "daktari bado yupo? Nataka nimuulize kama ni kweli."