Josho la Mzee Thani

Hisham alikuwa na ulimi mkali, na Wayunani wa kale ndio walioulisha. Akitoka ofisini, mtaa wa Khuwair ya Kusini, alisoma falsafa yao kwenye simu, kisha akammwagia baba yake, Mzee Thani, yote aliyoyasoma.

Mzee aliposhindwa kuinuka kitandani, alimwita.

"Mwanangu, mimi nnaondoka. Utaniosha wewe?"

Kwao mtu akifa huoshwa na wanawe. Hisham alilijua hilo, lakini woga ulimshika na kiburi kikamjibia: "Baba, Wayunani walishamaliza. Mwili ni jela, roho ni mfungwa. Mfungwa akishatoka, nani anaosha jela?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, bwana falsafa."

Hakumuuliza tena.

Siku mzee alipofariki, Hisham alifika kwenye nyumba ya kuoshea maiti ameshakunja mikono ya kanzu. Asaad, mume wa dada yake, alisimama mlangoni.

"Rudi, shemeji."

"Nirudi wapi? Baba yangu yumo ndani!"

"Aliniusia mimi. Kasema, 'Hisham msimlazimishe, ataniona jela.'"

"Ule ulikuwa mzaha, Asaad!"

"Yeye hakucheka ulipoondoka. Na wasia wa maiti hauvunjwi, wallahi. Kaa hapo uiombee roho. Si ndiyo unayoijua wewe?"

Mlango ukafungwa. Hisham akabaki ameegemea ukuta unaounguza kwa jua. Ndani maji yakaanza kumwagika, na sauti ya Asaad ikasikika: "Mgeuzeni polepole. Bega hilo lilikuwa likimuuma."

Bega lipi? Hisham, mwana wa kiume wa pekee, hakujua.

Alikuwapo Myunani mwengine, mwanafunzi wa yule aliyesema mwili ni jela, aliyempinga mwalimu wake. Yeye alisema roho kwa mwili ni kama kuona kwa jicho: huwezi kuutoa uwezo wa kuona ukauweka kando. Aliposoma, Hisham alimpita mbio huyo. Alimwona mkavu, hana ladha. Sasa alimwogopa. Kama huyo ndiye mkweli, basi baba alikuwa bega lile lile, vidole vile vile, na mikono ya mtu mwengine ilikuwa ikimuaga.

Akaugonga mlango kwa ngumi. "Niachieni japo mguu! Mguu mmoja tu!"

Maji yaliendelea kumwagika.

Asaad alipofungua, mzee alikwishavishwa sanda, uso umefunikwa.

"Njoo ushike jeneza," alisema. "Huku nyuma."

Hisham akashika ubao wa jeneza.