Kibati cha Tano

Mzee wa mipira alilitunga shairi lake akiwa ameinama, maana kazi yake yote ilikuwa ya kuinama: kuosha mipira ya maji iliyorudi na masizi, kuivuta, kuitundika ikauke. Zamani alikuwa mzimamoto kamili, kofia na shoka, mpaka magoti yakamsaliti. Kituo kikamwachia mipira, simu ya upepo, na ubishi. Shule aliipita kwa mbali, lakini maneno yalimjia yenyewe kama jasho, na mjukuu wake wa darasa la pili ndiye aliyeyaandika.

Lilikuwa shairi la kuwachekesha watoto wa darasa hilo, waliokuwa waje kukitembelea kituo.

Wazimamoto watano
walipanda gari lao,
mmoja kafata paka,
wakabaki wanne hao.

Wa pili anasinzia ndani ya buti, wa tatu anasahau suruali, wa nne anabishana na bomba. Mambo ya watoto. Lakini ubeti wa mwisho uligoma kuchekesha. Aliuzungusha siku tatu, ukatoka hivi:

Mzimamoto mmoja
kaingia kwenye moshi,
tukaita, tukangoja,
maji nayo hayatoshi.

"Baba," alisema binti yake asubuhi ya ziara, wakinywa chai kituoni, alipolisikia, "hapa watu wanahesabiwa kwa kupanda, mmoja hadi watano. Hawahesabiwi kwa kushuka."

Binti huyo ndiye mama wa mjukuu, na alikuwa mzimamoto papo hapo kituoni. Wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake. Palipo na tundu, yeye kapita.

"Ushirikina wa wapi huo?" mzee akamjibu. "Mimi nimezima moto wewe hujaota jino."

"Na mimi nazima moto wewe umebakiza matatu. Huo ubeti wa mwisho utoe, baba."

Mezani wenzake walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee naye akacheka. Ila ubeti hakuutoa. Ulikuwa umekaa vizuri mdomoni, na mtunzi ni kama kuku, hajaona yai lake likawa baya.

Sasa, ukutani karibu na gari palikuwa na misumari mitano, kila msumari na kibati chake, kila kibati na jina la mtu. Kengele ikilia, anayepanda wa mwisho anavikumba vyote kwa mkono mmoja na kumkabidhi afande, mkuu wao. Kule kwenye moto afande anavitundika kwenye kibao, na kila anayetoka ndani anachukua chake. Kibao kikiwa kitupu, wote wako nje. Hakuna kutazama sura, maana ndani ya barakoa na moshi sura zote ni moja. Kibati ndicho mtu.

Watoto wakaja saa nne na mwalimu wao. Mzee akaona shairi tupu halinogi, akawa kila ubeti ukiisha anachomoa kibati msumarini na kumpa mtoto mmoja ashike. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kilipobaki cha tano, mjukuu akanyoosha mkono.

"Cha mama nipe mimi, babu!"

"Wewe? Wewe juzi umepoteza kiatu, tena umekivaa! Cha mama kinakaa hapa, penye usalama." Akakitia mfuko wa shati, akafunga kwa kifungo.

Wakaimba ubeti wa mwisho kwa sauti moja. Walipofika "hayatoshi", kengele ikalia.

Sakafu ikatetemeka kwa mabuti. "Vibati! Leteni vibati!" mzee akapiga kelele, akavipokea mikononi mwa watoto na kuvirudisha misumarini mbiombio. Mikono minne, vibati vinne. Alikuwa anahesabu mikono. Sindano alikuwa tayari garini, akamkonyeza mwanawe. Yule wanayemwita Mrefu akapita mbio, akakumba ukuta kwa kiganja, akadandia. Gari likatoka.

Lililokuwa linaungua ni ghala la magodoro, na moshi wake ulionekana hapohapo uani, mweusi, mzito. Kituo kingine nacho kikatuma watu, na vibati vyao vikachanganyika kwenye kibao kilekile. Barabara ilifungwa, kwa hiyo mwalimu akawabakiza watoto pale uani, na watoto wasio na kazi wataimba tu. Mzee akakaa pembeni ya simu ya upepo, mpira mbichi mapajani.

"Paa linalia," ikasema sauti ya afande. "Wote tokeni."

Maji yakadondoka kwenye mipira, to, to, to.

"Kibao kitupu. Wote nje. Hakuna kuingia tena, liacheni lishuke."

Mzee akashusha pumzi. Akafungua mfuko wa shati kutafuta kitambaa afute jasho, na vidole vikagusa bati.

"Afande!" mzee akapiga kelele kwenye simu. "Kibao kinakudanganya! Cha Sindano ninacho mimi, mfukoni! Mwanangu yumo ndani!"

Simu ikakoroma, ikakatika. Uani watoto walikuwa wamefika ubeti wa mmoja: "Tukaita, tukangoja." Mzee akatoka mlangoni, "Nyamazeni!" Wakadhani ni mzaha wa babu, wakacheka, wakaanza upya toka watano. Mjukuu peke yake ndiye aliyenyamaza. Alikuwa anautazama mkono wa babu yake, ulioshika kibati cha mama.

Waliimba lote, mpaka mwisho, mara mbili.

"Tumempata," simu ikasema. "Mrefu kamburuta kwa mguu. Anapumua. Paa limeshuka nyuma yao."

Sindano alirudi kituoni baada ya wiki tatu, sauti imeshika kutu. Akanyoosha kiganja. "Baba, kibati." Akakipokea, akakitundika mwenyewe. Hakumlaumu, na bora angemlaumu.

Mzee alitunga shairi jingine, la kupanda, kutoka mmoja hadi watano. Akalipeleka shuleni kwa miguu yake ile mibovu. Watoto wakalisikiliza kwa adabu, kama watu wanaonyweshwa dawa, na mapumziko yalipofika wakarudia lile la zamani. Wamewafundisha watoto wa mtaa wa pili, na wale wamewafundisha wengine. Neno likishaingia kinywani mwa mtoto ni sawa na moshi. Funga mlango, litapita chini yake.

Siku hizi kengele ikilia mzee anasimama ukutani, anagusa misumari mitupu, wa kwanza mpaka wa tano, halafu anagusa mfuko wa shati, ambao ameushona mdomo usifunguke tena. Na nje ya ukuta kamba inapiga lami, ta, ta, watoto wanaruka, na hesabu yao imeshashuka, imebaki mmoja.