Fundi wa Dirishani na Fundi wa Mlangoni

Mimi si mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa tu. Mteja akiniapia kwamba kiuno chake hakijaongezeka tangu mwaka jana, namwitikia kwa adabu, halafu nachukua futi, nampima. Binti yangu ananiita Mpelelezi, na wala hanisifu. Lakini siku wakwe walipokuja kujitambulisha nilikuwa nimejiapiza kufunga mdomo, kwa sababu binti alikuwa amependa kweli, na kijana mwenyewe hakuwa na kasoro niliyoweza kuiona, ingawa niliitafuta.

Mama wa kijana anafundisha hesabu, na kila mtu anamwita Mwalimu. Chai ilikuwa imeshanywewa, watu wameanza kuzoeana, ndipo tukaanza kutajiana wazee. Mwalimu akamtaja babu yake mzaa mama. Lilikuwa jina la babu yangu mzaa baba.

"Alikuwa anafanya kazi gani?" nikauliza, nikijifanya nakusanya vikombe.

"Fundi cherehani. Alishona kwenye ile karakana ya nguo karibu na stesheni, mpaka aliposafiri, akafia huko huko. Hata kaburi lake hatulijui."

Babu yangu naye alishona kwenye karakana hiyo hiyo, ila yeye alifia nyumbani kwake, kitandani, watoto wamemzunguka. Kwetu watu wa damu moja hawaoani, hata damu hiyo iwe imechujwa namna gani, na Mwalimu alikuwa ametoka kutuambia kwamba kwao ni vivyo hivyo. Binti yangu akanitazama kwa jicho la kuniomba nisiulize zaidi.

"Walikuwa wawili!" akasema Shangazi kutoka kwenye kochi, kabla hajaulizwa na mtu.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, mtoto pekee wa Babu aliyebaki hai. Akatueleza vizuri sana. Karakana ile ilikuwa na mafundi wawili wenye jina moja, wala si ndugu, hivyo wenzao wakawatofautisha kwa sehemu walizokaa. Baba yake alikaa dirishani, kwenye nafasi, kwa sababu kiwiko chake cha kulia kilivunjika utotoni, kikaunga vibaya, mkono ukabaki umepinda daima. Mwenzake alikaa mlangoni, mzima wa mikono yote miwili, mcheshi, anamtania kila apitaye.

"Basi wa kwetu atakuwa huyo wa mlangoni," Mwalimu akasema. "Mama alisema alikuwa na maneno mengi!"

Sebule nzima ikacheka, na binti yangu akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa namwangalia Shangazi. Huyu ni mtu anayetafuta miwani nyumba nzima huku ameivaa, leo anakumbuka nani alikaa wapi karakanani akiwa yeye bado mtoto? Na mbona jibu limetangulia swali? Nilipomfuata jikoni kumuuliza zaidi, aliniambia mguu unamuuma, akaomba asindikizwe nyumbani.

Kwa wiki nzima lilinikaa rohoni. Nikimpigia simu anasema mtandao mbaya, ilhali namsikia anavyopumua. Nilimwambia binti kwamba Shangazi anaficha kitu.

"Mama, wewe ungempeleleza hata malaika," akanijibu. "Niache niolewe."

Maneno hayo yaliniuma, lakini hayakunizuia. Dukani kwangu limetundikwa koti la Babu, alilojishonea mwenyewe. Ni kwa koti hilo nilijifunza ufundi. Mkono wake wa kulia haukukatwa kama mikono mingine. Kwa ndani, penye kiwiko, kitambaa kimepunguzwa, na kwa nje kimeongezwa, ili mkono uliopinda ukae bila kuvutwa. Bega la upande huo nalo limeshushwa na kujaziwa. Mtu mwingine akilivaa, linakunjamana kama gunia. Na Mwalimu alikuwa amedokeza kwamba kwao nako liko koti la babu yao, limehifadhiwa sandukuni. Nikampigia.

"Mama mwenzangu, niletee lile koti. Nitalirekebisha, bwana harusi alivae."

Nilikuwa nadanganya, na nilidanganya kwa sauti tamu kabisa. Mwalimu alifurahi hadi akanitia aibu.

Alikuja Jumamosi na koti ndani ya mfuko wa nailoni. Binti yangu alikuwepo, anachagua vifungo. Shangazi naye akatokea, anapumua kwa shida. Binti ndiye aliyemtajia habari za koti, na kumbe mguu ulikuwa umepona. Akakaa kwenye stuli ya wateja bila kusalimia vizuri.

Nililitandaza koti juu ya meza ya kukatia. Nikalivuta mkono wa kulia unyooke. Haukunyooka. Nikaupindua nje ndani, nikafungua bitana kidogo, nikaona kitambaa kimepunguzwa kwa ndani ya kiwiko na kuongezwa kwa nje, na bega limeshushwa na kujaziwa pamba. Nikalitungua koti letu, nikaliweka juu yake. Kola ilikaa juu ya kola, kiwiko juu ya kiwiko.

Niseme ukweli, sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa nimemtilia shaka kila mtu katika shughuli ile, na sasa nilitamani kumtilia shaka koti.

"Huenda alilinunua," nikasema. "Au aliazimwa na mwenzake."

"Aazimwe nini tena?" Mwalimu akashangaa. "Alilishonea kwetu, mezani pa bibi. Mama alikuwa anashika taa. Kwani vipi, limeharibika?"

Nikamgeukia Shangazi. "Fundi wa mlangoni alikuwa na mikono mizima. Ulisema mwenyewe."

Shangazi alitazama yale makoti mawili. Nilidhani atakuja na hadithi nyingine, na nilikuwa tayari kuirarua. Badala yake akaanza kulia taratibu, bila sauti.

"Alikuwepo kweli," akasema. "Wa mlangoni alikuwepo. Ila hakuoa, wala hakuacha mtoto. Watu walipokuja kumwambia mama kwamba mumeo tumemsikia ana nyumba mtaa wa pili, baba akawa anasema, huyo ni yule mwenzangu, si tuna jina moja? Na mama akaamini. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kwenda kumwita huko."

"Na habari za safari?" Mwalimu akauliza.

"Baba alipofariki, kaka alinituma niwaambie amefia safarini, wasije msibani. Nikawaambia. Mama yako alikuwa mlangoni, mkubwa kunishinda kidogo. Alinipa maji ya kunywa, mwanangu. Dada yangu mwenyewe alinipa maji, nikayanywa nikaondoka."

Nilimkasirikia. Angekubali wale watoto waoane, azikwe na siri yake, na jina la baba yake libaki safi! Nilitaka kumwambia hivyo, lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama, akamwendea, akainama mbele ya stuli.

"Kaburi liko wapi, Mama Mdogo?" akamuuliza.

Shangazi alimshika uso kwa mikono yote miwili. Mwalimu akaniinulia macho. Tangu tujuane alikuwa ananiita mama mwenzangu, na sasa niliona midomo yake ikilitafuta neno jingine.

"Dada," akasema, kisha akaziba mdomo, kwa sababu wote wawili tuliona neno hilo linakwenda kumwangukia nani.

Binti yangu hakuwa amesogea pale kwenye kabati la vifungo. Simu yake ikaita, akaitazama. Alikuwa ni yeye, kijana wake, na kila siku humpokea kwa kumwita mpenzi, hata mbele yangu, bila haya. Akaiweka simu sikioni, akafungua mdomo, akanitazama mimi nimwambie amwiteje.